Aliyeondoka na Tuliobaki

(Maongezi yaliyosomwa redioni juma lililopita)

 

Leo nataka kukueleza habari ya safari moja. Si safari yangu. Msafiri ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 23. Mwezi uliopita aliondoka kwetu Kilimanjaro kwenda Ujerumani, katika mji mdogo usio mbali na Stuttgart, kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya wazee. Ametumwa na kanisa, na huko amepokewa na kanisa. Kwa muda wa miezi hiyo kumi na miwili hatalipwa mshahara. Atapata chakula, mahali pa kulala, bima ya matibabu na fedha kidogo za mfukoni, za sabuni na nauli. Mwaka ukiisha atarudi nyumbani.

Maelezo yenyewe ni mafupi kama ulivyosikia. Lakini kuwaeleza ndugu, jamaa na majirani kulituchukua karibu miezi mitatu, na sina hakika kama tulifaulu. Kuna neno moja lililotutatiza, nalo ni neno kujitolea. Kila mtu analijua, kila mtu amelisikia tangu shule ya msingi. Lakini likitajwa pamoja na Ulaya, watu hawalisikii tena. Wanasikia Ulaya tu.

Mwenye duka wa pale njia panda alipopata habari hizi alimshika dada yangu mkono akasema, "Mama, mmeula!" Kijana mmoja wa pikipiki, aliyesoma naye shule moja, alimpa ushauri wa bure: "Ukifika usirudi. Zamia huko huko." Na mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Kwani wazee wa hapa kwetu wamekwisha?"

Na mimi je? Ndugu msikilizaji, nisijifanye malaika. Mimi nilikuja na orodha.

Nilipanda basi Dar es Salaam alfajiri nikafika Moshi jioni, na mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Kinasa sauti kidogo cha kisasa, kimoja. Viatu vya ngozi, namba 43, jozi moja. Koti la mvua. Na chini kabisa, kwa kuwa sipendi kuonekana mtu mwenye tamaa, niliandika: kama nafasi itaruhusu, simu. Usiku ule baada ya chakula nilimkabidhi karatasi hiyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mjomba," akaikunja na kuitia ndani ya Biblia yake. Dada yangu, ambaye alikuwa akiosha vyombo, aligeuka akaniuliza: "Mdogo wangu, mtoto huyu anakwenda kutumika, au anatumwa dukani?"

Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nasi tumeishika methali hiyo kama sheria. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ajabu ni kwamba methali ya kwanza tunaikumbuka mtu wetu anaporudi kutoka safari, na hii ya pili tunaiacha kwa mchungaji aitumie siku ya mchango.

Hebu tufikiri pamoja. Kijana yuko ugenini, ana fedha za sabuni na nauli. Kila jioni anapowasha simu anakuta ujumbe. Huyu anataka ada ya shule, yule anataka bati, mwingine ana mgonjwa. Hana cha kuwapa. Atafanya nini? Huenda akajinyima chakula. Huenda akatafuta vibarua ambavyo kibali chake hakimruhusu kufanya. Au mwaka utakapoisha ataogopa kuonana nasi mikono mitupu, na atazamia kweli, na mlango ule ulioachwa wazi kwa vijana wanaomfuata nyuma utafungwa. Hapo tutalaumu Ulaya kwamba imemmeza mtoto wetu. Kumbe tuliomfukuza asirudi ni sisi, kwa karatasi tulizoziandika kwa mwandiko mzuri.

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee wa kanisa, kwa maana ni swali la haki. Kwa nini kijana wetu aende mbali hivyo kutunza wazee wa watu wengine?

Safari za namna hii hazikuanza jana. Mwaka 1846 alifika pwani ya Mombasa mtu mmoja aitwaye Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen, karibu na Stuttgart hiyo hiyo. Mwaka 1848 alifika upande wa kwetu na kuuona mlima wenye theluji, akaandika habari zake, na mabingwa wa Ulaya wakamcheka. Alikaa pwani, huko Rabai na kandokando yake, miaka 29 bila kurudi kwao. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa hafai tena kwa safari ya peke yake, maana macho yake yalikuwa yamekufa. Basi alifuatana na Mwafrika mmoja wa kanisa la pwani, jina lake Isaac Nyondo, aliyemwongoza njia hadi Ulaya. Mwaka uliofuata Rebmann alifariki dunia huko Korntal, pale pale karibu na Stuttgart.

Watu wengi wamemsikia Rebmann. Wangapi wamemsikia Nyondo? Lakini nikitazama vizuri naona kwamba mpwa wangu anafuata nyayo za Nyondo. Kijana wa huku alimshika mkono mzee wa kule akamfikisha kwao. Yapata miaka 150 imepita tangu wakati huo, na katika miaka hiyo waliokuja kwetu walikuwa wengi. Mwaka 1893 walifika wamisionari wa Leipzig hapo Kilimanjaro, wakafuatwa na walimu, wauguzi na mafundi. Sisi tulizoea kupokea. Tulizoea hata kufikiri kwamba mwenye kutoa ni yule anayeshuka katika ndege, na sisi kazi yetu ni kupiga vigelegele.

Huo mwaka wa kujitolea nao una historia yake. Mwaka 1954, katika mji mdogo wa Neuendettelsau huko Bavaria, palikuwa na sherehe ya miaka 100 ya nyumba ya mashemasi wa kike wanaotunza wagonjwa na wasiojiweza. Mkuu wa nyumba hiyo, mchungaji Hermann Dietzfelbinger, aliwaomba vijana, na hasa wasichana, wathubutu kutoa mwaka mmoja tu wa maisha yao kwa ajili ya watu wenye shida. Hakuwaomba maisha yote. Aliomba mwaka mmoja. Wakajitokeza. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi iliutungia sheria mwaka huo wa huduma. Mwaka 2011, uandikishaji wa lazima wa jeshi uliposimamishwa na pamoja nao ule utumishi wa raia waliokataa kushika bunduki, ulianzishwa mpango mwingine wa kitaifa wa kujitolea ambao hauwabagui watu kwa umri. Hata mtu wa miaka arobaini na kitu kama mimi anaweza kuomba.

Tangu mwaka 2008 serikali yao inasaidia vijana wao kuja kujitolea katika nchi kama yetu, na bila shaka umewahi kuwaona, vijana wa miaka 18 au 19 wakisukumana na abiria wenzao ndani ya daladala. Watu waliuliza, na kwa haki, kwa nini waje wao tu. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili, vijana wa huku nao wakaanza kwenda kule. Ndiyo njia aliyopita mpwa wangu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mzee ni hili: wazee wa kwetu hawajakwisha, lakini mtu anayepokea tu, siku zote, mwishowe anasahau kwamba naye ana kitu cha kutoa. Nilidhani ni jibu zuri. Nilikuwa tayari kulileta hapa redioni kama lilivyo. Bahati mbaya, au bahati nzuri, sikujua bado upande wa pili wa swali lenyewe.

Jumapili ya mwisho usharika ulifanya ibada ya kumuaga. Mchungaji alimwita mbele, wazee wa kanisa wakamzunguka na kumwekea mikono. Kwaya ya vijana iliimba, akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 84 na alivunjika nyonga miaka minne iliyopita, tulimleta kwa gari akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mchungaji alisema kwamba dada yetu huyu sasa anaanza mwaka wa kujitolea. Sote tukaitikia amina. Nami niliitikia kwa sauti kubwa.

Tuliporudi nyumbani Mama alimshika mjukuu wake mikono yote miwili, akamtemea mate ya baraka kama desturi ya wazee wetu, akamwambia kwa Kichaga: "Nenda salama, urudi unikute." Maneno hayo ni machache. Lakini kila aliyekuwa pale ukumbini alijua kwamba nusu ya pili ya maneno hayo hakuna binadamu anayeweza kuiahidi. Mtoto alipiga magoti muda mrefu bila kusema kitu.

Jioni tukampeleka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Sanduku lilikuwa moja, na ndani yake dada yangu alikuwa ametia khanga mbili, kahawa ya shambani kwake na unga wa ndizi. Viwanja vya ndege vina tabia moja: msindikizaji ana mahali pake pa kuishia, hata kama maneno hayajaisha. Tulipofika hapo alimkumbatia mama yake, kisha akanigeukia mimi. Alifungua mkoba akatoa daftari la shule, la kurasa chache, akanipa.

"Mjomba," akasema, "wewe ulinipa orodha yako, na mimi nakuachia yangu." Akaingia ndani.

Nililifungua daftari hilo ndani ya gari. Juu ya jalada aliandika neno moja: Bibi. Ndani kulikuwa na kurasa kumi na moja zilizojaa. Dawa ya shinikizo la damu asubuhi baada ya uji, si kabla. Sikio la kulia halisikii, zungumza naye upande wa kushoto. Akisema hana njaa, ngoja robo saa, muulize tena. Usimwinue kwa kumvuta mikono. Mshike kiunoni, hesabu moja mbili tatu, ili naye ajiandae. Usiku anaamka saa nane kwenda haja, acha taa ya ukumbini ikiwaka. Alhamisi anapenda kusomewa Zaburi. Usisome haraka.

Ndugu msikilizaji, mpango wangu ulikuwa kurudi Dar es Salaam Jumatatu asubuhi. Lakini Jumatatu ni siku ya soko, na dada yangu anauza ndizi. Siku hiyo asipouza, juma zima hakuna mafuta ya taa wala sukari. Tukatazamana. Miaka minne hatukuwahi kutazamana namna hiyo, maana mtoto yule alikuwapo. Nikapiga simu kazini nikaomba ruhusa ya siku nne.

Mimi ni mtu ambaye kwa miaka mingi nimekaa mbele ya kipaza sauti nikiwahimiza wananchi wawatunze wazee wao. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natuma fedha kwa simu, bila kukosa, na nilijihesabu miongoni mwa watoto wema. Asubuhi ile nilimpa Mama dawa kabla ya uji, akaitapika. Nilimwinua kwa kumvuta mikono, akapiga ukelele wa maumivu ambao sijausahau hadi leo. Nililisoma daftari lile mara ya pili, polepole, kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani.

Usiku, saa nane kamili, alianza kuita. Hakuniita mimi. Alimwita mjukuu wake.

"Ameondoka, Mama," nikamwambia.

"Amekwenda wapi?"

"Ujerumani. Kutunza wazee."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi wamepata mtu."

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la yule mzee wa kanisa. Hakuwa anauliza habari za Ujerumani. Alikuwa anatuuliza sisi tuliobaki. Tulimwita kijana huyu mbele ya madhabahu tukamwekea mikono tukasema sasa anaanza kujitolea. Kumbe alikuwa amejitolea miaka minne mfululizo, bila mshahara, bila bima, bila fedha za mfukoni, na bila mtu yeyote kumpigia vigelegele. Wenzake aliomaliza nao kidato cha sita walitafuta vyuo na biashara. Yeye alikuwa akihesabu moja mbili tatu. Nasi tuliita hiyo "kukaa nyumbani". Mtu akituuliza anafanya nini siku hizi tulijibu: "Hana kazi, yupo yupo tu nyumbani."

Sisemi kwamba asingekwenda. La hasha. Alikuwa na haki ya kwenda, na nadhani ilikuwa lazima aende, maana kama asingeondoka sisi tusingeamka hata kidogo. Nasema tu kwamba kijana anapoondoka kwenda kutumika mwaka mzima, hatoi yeye peke yake. Nyumba nzima inatoa. Mama anatoa msaidizi wake, bibi anatoa mikono iliyozoea mwili wake, na pengine anatoa ile nafasi ya kuagana. Kama jamaa wengine hawataki kutoa chochote, basi mzigo wote umemwangukia mzee kitandani, na huo si utumishi. Huo ni mzee kulipishwa baraka za watu wengine.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kusema kabla muda haujaniishia.

La kwanza ni kwa jamaa wa wale wanaoondoka. Msimpe kijana orodha. Mpeni neno moja la kumtia moyo, kisha kaeni chini mgawane kazi aliyokuwa akiifanya. Mkiona hakuna kazi ya kugawana, ulizeni tena. Ipo.

La pili ni kwa vijana wenyewe. Nenda, jifunze, ona baridi, kula chakula usichokijua. Mwaka ukiisha rudi, hata kama sanduku ni tupu. Tutajifunza kulipokea. Na usidhani kwamba umekwenda kuwaokoa watu. Wale vijana wa kwao wanaokuja kwetu, wenye akili husema wazi kwamba walichokipata ni kikubwa kuliko walichokitoa.

La tatu ni kwa wachungaji wetu, na nalisema kwa heshima. Mnapomwita mbele anayeondoka, mwiteni pia anayebaki. Katika kila usharika, na katika kila msikiti vilevile, yuko binti au kijana anayemgeuza babu kitandani usiku wa manane. Hana cheti wala barua ya kutumwa. Naye wekeeni mikono.

Na mimi? Tumepanga zamu. Ndugu zangu wawili walioko Arusha na Tanga wamechukua sehemu yao, nami nina siku nne za kila mwezi. Mmoja wao alikasirika, akasema fedha alizokuwa akituma zingetosha kumlipa mtu. Nilimpelekea nakala ya daftari. Hajajibu lolote, lakini juma lililopita alikwenda.

Mpwa wangu amefika salama. Ameandika kwamba baridi imeanza, na kwamba Kijerumani wanachosema wazee wa huko sicho alichofundishwa darasani. Nusu ya maneno hayaelewi, anasoma mikono na nyuso zao. Kuhusu kinasa sauti hakusema kitu. Aliuliza jambo moja tu: "Bibi anakunywa dawa baada ya uji?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, baada. Nikamwambia pia ile karatasi iliyomo ndani ya Biblia aitupe.

Maongezi ya juma lijalo, ndugu msikilizaji, nitayarekodi mapema, kwa sababu zamu yangu imefika. Mpaka hapo, nakutakia juma jema.